Mtunzi na Mrabaha: Thamani ya Kiuchumi ya Wimbo wa Kiswahili Nchini Kenya

1. Utangulizi

Nyimbo za Kiswahili zimejadiliwa mara nyingi na wanalugha kama matini. Vina vyake vimehesabiwa, mizani yake imepimwa, mafumbo yake yamefumbuliwa, na ujumbe wake kwa jamii umeelezwa. Upande wa pili wa nyimbo hizo hizo, yaani upande wa mali, umeachiwa wanauchumi na wanasheria. Mgawanyo huo wa kazi umeleta hasara. Mwanauchumi huhesabu kile kinachouzwa: santuri, kaseti, kiingilio cha dansi, na siku hizi wimbo unaosikilizwa kwa simu. Lakini kinachozipa bidhaa hizo bei ni kitu kisichoshikika kwa mkono, nacho ni maneno yaliyopangwa na mtu fulani, mahadhi yaliyobuniwa na mtu fulani, na sauti ya mtu fulani. Asipojulikana mtu huyo ni nani, fedha inayotokana na kazi yake haina pa kwenda ila kwa yule aliyekuwa karibu nayo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi thamani ya kiuchumi ya muziki wa taifa inavyozalishwa na jinsi inavyopotea. Hoja yake ni kwamba sehemu kubwa ya thamani hiyo imo katika utunzi uliothibitishwa, na kwamba kazi ya kuuthibitisha utunzi ni ya mwanalugha kama ilivyo ya mwanasheria. Mifano imetolewa Kenya, na pia Tanzania pale ambapo historia ya muziki wa nchi hizi mbili haiwezi kutenganishwa.

2. Istilahi

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, kwa kuwa baadhi yake yana mafunzo. Neno sanaa na neno tasnia hutumiwa leo kana kwamba moja ni la wasanii na la pili ni la wafanyabiashara. Ukweli ni kwamba yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kutengeneza kitu kwa ustadi. Lugha imeyaweka karibu mambo ambayo desturi ya mazungumzo imeyatenga.

Neno mrabaha nalo limetokana na mzizi wenye maana ya faida. Lisichanganywe na riba, ambayo mzizi wake ni mwingine na ambayo ni ziada ya mkopo. Mrabaha ni fungu la mapato analolipwa mwenye kazi kila kazi yake inapotumiwa au kuuzwa. Haki inayomwezesha kudai fungu hilo ndiyo hakimiliki, neno lililoundwa kwa kuunganisha haki na miliki.

La nne ni mtunzi. Kitenzi tunga, ambacho asili yake ni ya Kibantu, ni kile kile cha kutunga shanga. Ushanga mmoja mmoja haukutengenezwa na mtungaji. Aliukuta sokoni kama wengine walivyoukuta. Kilicho chake ni mpangilio katika uzi. Hivyo ndivyo maneno yalivyo. Hakuna mtu awezaye kudai kwamba neno penzi au neno dunia ni lake, lakini beti alizozipanga kwa maneno hayo ni zake. Sheria ya hakimiliki imejengwa juu ya tofauti hii hii, ambayo mzungumzaji wa Kiswahili anayo tayari katika kitenzi.

3. Kutoka tuzo hadi santuri

Kabla ya kuja kwa mashine za kurekodi, thamani ya wimbo ililipwa pale pale ulipoimbwa. Katika ngoma na taarabu za pwani, msikilizaji aliyeguswa na beti aliinuka, akamwendea mwimbaji, akamtunza kwa fedha mbele ya watu. Desturi hiyo ingali hai. Kwa upande wa uchumi, sifa yake kubwa ni kwamba mlipaji na mlipwaji wanaonana. Fedha haipiti kwa mtu wa tatu, wala hapahitajiwi daftari. Udhaifu wake ni kwamba malipo hukoma sauti inapokoma. Mwimbaji aliyeugua au aliyezeeka hatunzwi kwa nyimbo alizoziimba ujanani.

Mwezi Machi 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone ya Uingereza, iliyotumia nembo ya His Master's Voice. Santuri zao zilipofika pwani ziliwaonyesha wafanyabiashara kwamba Kiswahili kina soko, na kampuni nyingine za Ulaya zikafuata. Kuanzia hapo wimbo wa Kiswahili uliweza kusikika mahali ambapo mwimbaji hayupo, na baadaye, wakati ambapo mwimbaji hayupo tena duniani. Siti alifariki mwaka 1950. Sauti yake ingali inauzwa.

Badiliko hilo lilileta mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kazi ya siku moja iliweza kuleta mapato ya miaka mingi, kwa sababu wimbo haupungui kwa kuimbwa. Gunia la kahawa likinywewa limekwisha, na mkulima hana budi kulima tena. Wimbo uliokwisha kutungwa husikilizwa na mtu mmoja au na watu milioni moja bila ya kumgharimu mtunzi jasho la pili. Pili, mlipaji na mlipwaji hawakuonana tena. Kati yao walisimama mwenye studio, mwenye kiwanda, muuzaji wa jumla, mwenye duka, na mwenye redio. Daftari likawa la lazima, na aliyeshika daftari akawa na nguvu kuliko aliyeshika gitaa.

4. Nairobi kama soko la nyimbo za Kiswahili

Katika miaka ya 1950 hadi 1980 Nairobi ilikuwa ndiyo karakana ya santuri ya Afrika Mashariki. Mitambo ya kutengeneza santuri ilikuwa huko, maduka ya jumla yalikusanyika katika barabara ya River Road na mitaa ya jirani, na kampuni za kimataifa kama PolyGram, EMI na CBS zilifanya biashara mjini humo. Mombasa nayo ilikuwa na watoaji wake wa santuri za taarabu na dansi.

Tanzania ilikuwa na hali tofauti. Bendi zake nyingi zilikuwa mali ya mashirika na jumuiya za umma. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ilianza mwaka 1978 na baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki wa bendi kama hizo alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi kwa wingi, na nyimbo zao zikasikika hadi Kenya. Lakini nchi hiyo haikuwa na kiwanda cha santuri katika kipindi hicho. Aliyetaka santuri alipaswa kupita Nairobi.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka baina ya nchi hizi mbili ukafungwa hadi mwaka 1983. Mawimbi ya redio hayakuulizwa pasi, na nyimbo ziliendelea kuvuka. Fedha na mikataba haikuweza kuvuka kwa urahisi huo. Kwa miaka sita wimbo wa Dar es Salaam uliweza kuchezwa Nairobi, ilhali mtunzi wake hakuwa na njia nyepesi ya kuufuata.

Kilichoziunganisha pande zote hizi kibiashara ni lugha. Ndugu Wilson, George na William Kinyonga walitoka Tanga, wakafanya muziki Arusha na Mombasa, kisha wakaingia Nairobi na bendi yao ya Simba Wanyika katika miaka ya 1970. Les Wanyika ilizaliwa humo mwaka 1978. Kutoka Zaire, Orchestra Super Mazembe ilifika Nairobi mwaka 1974, na Samba Mapangala akaunda Orchestra Virunga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wanamuziki hawa wa Zaire walikuwa na Kilingala chenye heshima kubwa katika dansi, lakini waliimba pia kwa Kiswahili. Sababu haikuwa mapenzi ya lugha peke yake. Gharama ya kurekodi wimbo ni ile ile uwe wa lugha yenye wasemaji laki moja au mamilioni, na kila msikilizaji anayeongezeka huipunguza gharama hiyo kwa kila santuri. Kiswahili kilikuwa mtaji usiohitaji kukopwa benki.

Hii haina maana kwamba lugha nyingine za Kenya hazikuwa na soko. Benga ya Kijaluo ya D. O. Misiani na nyimbo za Kikikuyu za Joseph Kamaru zilikuwa na wanunuzi waaminifu. Kamaru, aliyefariki mwaka 2018, aliendesha pia biashara yake mwenyewe ya kutoa na kuuza santuri. Kwa kufanya hivyo alilishika daftari lake. Mfano wake unaonyesha kwamba soko dogo lenye mmiliki anayejulikana laweza kumfaa mtunzi kuliko soko kubwa lisilo na mwenyewe.

5. Malipo ya mara moja na malipo ya mrabaha

Ili kuona ukubwa wa jambo hili, na ichukuliwe hesabu ya kubuni. Mtunzi analipwa shilingi 500 siku ya kurekodi, anatia sahihi karatasi, na mambo yamekwisha. Santuri inauzwa shilingi 10, na nakala 20,000 zinanunuliwa. Mauzo yote ni shilingi 200,000. Lau angekuwa na mkataba wa mrabaha wa asilimia 5, angepata shilingi 10,000, yaani mara ishirini ya alichopewa. Wimbo usipouzika, malipo ya mara moja yanamkinga na njaa ya wiki hiyo. Ukiuzika, yanamnyima nyumba. Mwanamuziki mwenye kodi ya chumba ya kulipa mwisho wa mwezi huzichagua shilingi 500 zilizo mkononi, na si ujinga kufanya hivyo. Aliye na mtaji ndiye awezaye kungoja.

Hesabu hii ni ya mtunzi mmoja, lakini taifa lina hesabu ya namna hiyo hiyo. Wimbo wa Mkenya ukiimbwa London au Chicago na mrabaha wake ukarudi, nchi imepata fedha za kigeni bila ya mbolea, meli wala ghala. Usiporudi, nchi imetoa malighafi bure. Na kinyume chake ni kweli. Redio na hoteli zinapotumia nyimbo za nje kwa utaratibu wa sheria, fedha hutoka. Mizani ya muziki, kama mizani ya biashara nyingine yoyote, huelemea upande mmoja au wa pili.

6. Mfano wa "Malaika"

Hakuna mfano unaoeleza jambo hili kuliko wimbo wa "Malaika". Maudhui yake yanajulikana: mwimbaji anampenda msichana, anatamani kumwoa, naye anashindwa kwa kukosa mali. Fadhili William aliurekodi na bendi yake ya Jambo Boys karibu na mwaka 1960. Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri ya mwaka 1965, na Boney M wakautoa upya mwaka 1981. Kati ya miaka hiyo na baadaye umeimbwa na watu wa mataifa mengi, wengi wao wasiojua neno lingine la Kiswahili.

Nani aliutunga? Fadhili William ndiye anayetajwa zaidi, na alishikilia hadi kufa kwake mwaka 2001 kwamba wimbo ni wake. Wapo waliodai kwamba mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania, aliyeutunga katika miaka ya 1940. Wapo pia waliomtaja Grant Charo wa pwani ya Kenya. Makala haya hayakusudii kuamua kesi hiyo. Yanakusudia kuonyesha gharama ya kuwapo kwake.

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki katika utunzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Ikiwa mtunzi wa "Malaika" ni Fadhili William, wimbo huo ni mali hadi mwisho wa mwaka 2051. Ikiwa ni mtu mwingine, hesabu inaanza mwaka aliofariki huyo. Na ikiwa kazi ni ya mtunzi asiyejulikana, miaka 50 huhesabiwa tangu ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Kwa wimbo uliotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda huo umekwisha kupita, na yeyote aweza kuutumia bila ya kulipa. Kwa hiyo swali la mtunzi, ambalo mwanafasihi angeliona kuwa la heshima tu, ndilo linaloamua kama mali ipo au haipo. Laiti pangekuwa na karatasi moja yenye maneno ya wimbo, jina na tarehe, iliyowekwa mahali pa kuaminika, shauri hilo lingekuwa fupi.

Wimbo wa "Jambo Bwana" wa mwaka 1982 unafaa kulinganishwa nao. Bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa iliutoa, mtunzi akiwa Teddy Kalanda Harrison. Boney M waliutoa wao mwaka 1983, na matoleo mengine mengi yamefuata, lakini jina la mtunzi linafahamika. Katika wimbo huo mna maneno hakuna matata, ambayo ni mali ya wasemaji wote. Mwaka 1994 kampuni ya Disney iliomba kuyasajili nchini Marekani kama alama ya biashara kwa ajili ya nguo, na usajili ukatolewa mwaka 2003. Mwaka 2018 watu wengi walilalamika kwamba lugha ya Afrika imeibwa. Yafaa wanalugha walieleze jambo hili kwa uangalifu. Alama ya biashara haimzuii mtu kuyasema wala kuyaimba maneno hayo. Inahusu uuzaji wa bidhaa za aina fulani katika nchi fulani. Hata hivyo malalamiko hayo yalikuwa na kiini cha haki: msemo uliojengwa na jamii moja umekuwa chombo cha biashara cha mwingine, na jamii yenyewe haikuwa na mwakilishi wa kulizungumza jambo hilo mapema.

7. Maneno, mahadhi na sauti

Huenda ikasemwa kwamba umiliki wa wimbo ni fikra ya kigeni, na kwamba katika Afrika wimbo ni wa wote. Dai hili lina ukweli kwa nyimbo za jando, za kazi na za kubembeleza watoto. Halina ukweli kwa ushairi wa Kiswahili. Mwana Kupona alipoutunga utenzi wake mwaka 1858, alilitaja jina lake mwishoni, akataja Pate alikozaliwa, akataja tarehe kwa mwaka wa Hijra, na akataja idadi ya beti. Watunzi wengi wa tendi walifuata desturi kama hiyo. Idadi ya beti ilikuwa kufuli: aliyepunguza au kuongeza alijulikana. Jina na tarehe vilikuwa hati ya umiliki, ingawa hapakuwa na ofisi ya kuisajili.

Katika desturi hiyo kulikuwa na mgawanyo wa haki ulioeleweka bila ya kuandikwa. Bahari na mizani vilikuwa vya wote. Mahadhi yaliazimwa: watunzi wa taarabu wamechukua mahadhi ya Misri na ya filamu za Kihindi bila ya kuona haya. Lakini beti zilikuwa za mtunzi, na kuyachukua maneno ya mwenzio na kuyaita yako ilikuwa aibu.

Santuri na kaseti ziliuvuruga mgawanyo huu. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, aliimba tungo nyingi za jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo. Mshairi huyu ndiye mwenye Malenga wa Mvita, diwani iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin na kutolewa na Oxford University Press mwaka 1971. Ndani ya kitabu, jina la mshairi liko katika jalada na hakimiliki imeandikwa katika ukurasa wa mwanzo. Katika kaseti, wasikilizaji walinunua sauti, na waliitaja kaseti kwa jina la mwimbaji. Baina ya watu wawili waliojuana na kuheshimiana, hilo halikuwa tatizo. Katika soko la watu wasiojuana, mshairi hutoweka kabisa. Ikumbukwe kwamba wimbo mmoja una haki tatu zilizotengana: ya maneno, ya mahadhi, na ya rekodi yenyewe. Mkataba usiozitaja moja moja humwachia mwenye rekodi zote tatu.

8. Sera na taasisi

Serikali ya Kenya haikukaa kimya. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kwamba asilimia 75 ya muziki inaoucheza uwe wa Kenya. Agizo hilo liliachwa baada ya muda mfupi sana. Roger Wallis na Krister Malm, waliochunguza muziki katika nchi kumi na mbili ndogo na kuchapisha utafiti wao mwaka 1984, wakiwamo Kenya na Tanzania, waliliona tukio hilo kuwa ni funzo. Kiwango cha kucheza hakiwezi kusimama peke yake pasipo rekodi za kutosha, maktaba zilizopangwa, na utaratibu wa kuwalipa wenye kazi.

Mwaka 1982 iliundwa Tume ya Rais ya Muziki iliyoongozwa na Washington Omondi, na ripoti yake ikatoka mwaka 1984. Tume ya kudumu ilifuata mwaka 1988. Chama cha Hakimiliki ya Muziki cha Kenya kilianzishwa mwaka 1983, kikachukua kazi iliyokuwa ikifanywa na chama cha London. Kenya ilijiunga na Mapatano ya Berne mwaka 1993. Sheria ya mwaka 2001 iliunda Bodi ya Hakimiliki, na Tanzania ilikuwa imepitisha sheria yake mpya mwaka 1999. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inalitaka Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinalipwa fidia au mrabaha kwa matumizi ya tamaduni zao. Sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi ilipitishwa mwaka 2016.

Orodha hii ni ndefu, na mtu aweza kuuliza kwa nini malalamiko ya wanamuziki hayajakwisha. Sababu moja ni ya kiutawala, nayo imejadiliwa sana: nani akusanye, na kwa leseni ya nani. Sababu ya pili haijajadiliwa vya kutosha. Chama cha kukusanya mrabaha hulipa kwa kufuata sajili. Wimbo ambao haumo katika sajili, au umo kwa jina la asiyeutunga, hauwezi kumlipa mtunzi hata kama wakusanyaji ni malaika. Sheria hutoa haki kwa mtu, na mtu huyo sharti kwanza apatikane.

9. Wakati wa simu

Kaseti za wizi ziliiangusha biashara ya santuri, na simu imekuja kuzirithi kaseti. Mwaka 2009 kampuni ya Safaricom ilianzisha huduma ya Skiza, jina lililotokana na kitenzi sikiza kama kitamkwavyo na wengi nchini. Mwenye simu hulipia kipande cha wimbo kisikike na anayempigia. Kinachouzwa hapa ni kiitikio, pengine mstari mmoja: salamu, dua, tambo, au kijembe kwa mpigaji. Katika historia ya wimbo wa Kiswahili si rahisi kupata mahali ambapo maneno yamepata bei ya wazi namna hii. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliweka kwamba fungu la mwenye haki katika mapato ya huduma hizo lisiwe chini ya asilimia 52.

Asilimia hiyo ni ushindi, lakini hugawanywa na mashine, na mashine husoma herufi. Mtunzi aliyeandikwa Mohamed katika wimbo mmoja, Muhammad katika wa pili na Mohammed katika wa tatu ni watu watatu kwa mashine. Wimbo ulioandikwa kwa jina la kiitikio chake mahali pamoja, na kwa jina la mstari wake wa kwanza mahali pengine, ni nyimbo mbili. Tatizo la tahajia, ambalo wanalugha wamelishughulikia tangu siku za Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, sasa lina athari katika mfuko wa mtu.

10. Hitimisho

Imeelezwa kwamba wimbo ni mali isiyopungua kwa kutumiwa, kwamba Kiswahili huipanua mali hiyo kuvuka mipaka, na kwamba mali hiyo hupotea pale uzi unaomfunga mtunzi na maneno yake unapokatika. Sehemu kubwa ya dawa imo mikononi mwa wanasheria na wasimamizi wa vyama. Iko sehemu ambayo ni ya idara za lugha.

Wanafunzi wa idara hizo hukusanya nyimbo kila mwaka kwa ajili ya tasnifu zao. Mara nyingi huandika maneno ya wimbo, jina la mwimbaji, na mahali ulipopatikana, kisha huendelea na uchambuzi. Wangeweza kuongeza mambo machache: nani alitunga maneno, nani alitunga mahadhi, lini na wapi, nani anashuhudia hayo, na jina la mtunzi kama anavyoliandika mwenyewe. Nakala moja ingewekwa katika maktaba ya chuo na nyingine katika sajili ya hakimiliki kwa idhini ya mtunzi. Kazi hiyo haihitaji mtambo wa gharama kubwa. Inahitaji haraka, kwa kuwa watunzi wengi wa santuri za River Road na wa kaseti za Mombasa wamekwisha kufariki, na waliosalia ni wazee.

Mwana Kupona aliifanya kazi hii mwenyewe katika beti zake za mwisho, na zaidi ya miaka 160 baadaye hakuna anayeubishania utenzi wake. Watunzi wa santuri hawakupewa nafasi ya beti hizo. Kuwaandikia, wangali hai wa kuulizwa, ni wajibu unaoweza kuanza muhula ujao.